Bagi la kuanzia mashindano: ujue uwanja kwanza, gari lifuate

Swali: Nataka kuanza kushindana kwa mabagi ya rimoti ya umeme (magari madogo ya kukimbizwa nje ya lami), mimi na kijana wangu wa miaka 12. Nimeliona gari moja la 4WD lililo tayari kuendeshwa, mota yake haina brashi, na boksi linasema linafika kilomita 80 kwa saa kwa betri ya seli tatu. Nichukue hilo, au ninunue la kuunda mwenyewe? Na je, gari moja litatutosha sote wawili?

Jibu: Ndugu yangu, hilo la kilomita 80 liache. Si gari bovu. Limetengenezwa kuruka vichuguu na kukimbia kwenye uwanja wazi, na kazi hiyo linaiweza. Kwenye mashindano litakwamia mlangoni kabla hujaliwasha. Mabagi ya umeme ya skeli ya 1/10, yaani moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi, hushindana kwa betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli mbili, yaani volti 7.4, na upana wa gari mwisho wake ni milimita 250. Magari mengi ya kujifurahisha yanayoandikwa 1/10 kwenye boksi ni mapana na mazito kuliko hapo. Hata ukiruhusiwa kufanya nalo mazoezi, halitakuwa na daraja, yaani kundi la magari ya aina moja, la kuingia.

Kasi ya kwenye boksi nayo haina msaada. Hupimwa kwenye barabara iliyonyooka, ilhali uwanja wa mashindano ni kona, matuta na miruko. Chukua mfano: raundi ya kawaida ya umeme ni dakika 5, sawa na sekunde 300. Dereva mwenye gari la polepole anazunguka kwa sekunde 26 bila kupinduka. Anamaliza mizunguko 11 na kuikata nusu ya 12. Mwenzake ana gari kali linalozunguka kwa sekunde 24, lakini anapinduka mara tano, na kila mara anasubiri sekunde 8 gari liinuliwe. Sekunde 40 zimepotea, zimebaki 260, na hapo hamalizi hata mizunguko 11. Mwaka wako wa kwanza wote utakuwa hesabu hiyo hiyo. Kwa hiyo gari la kununua ni lile litakalokuacha uzunguke bila kuanguka, na likivunjika lipone siku hiyo hiyo.

Sasa, kabla ya kununua chochote, nenda kwenye uwanja utakaoshindania siku ya mashindano, mikono mitupu. Hesabu magari katika kila daraja. Angalia sakafu ya uwanja ni nini: udongo laini wa kumwagika, udongo mgumu uliong'aa kwa matairi, zulia, au nyasi bandia. Tazama magari mengi ni ya kampuni gani, na kwenye meza za mafundi uliza ni nani mwenye mikono ya mbele (vipande vinavyoshikilia magurudumu ya mbele) ya akiba ya gari hilo. Mkono wa mbele ndio unaovunjika kuliko kitu kingine chochote. Gari zuri lisilo na mkono wa akiba uwanjani ni gari la kurudi nalo nyumbani saa nne asubuhi. Mimi ningechagua gari la wastani linaloendeshwa na watu kumi pale pale kuliko gari bora ambalo ningekuwa nalo peke yangu. Kwa hao kumi utapata vipuri, utapata vipimo vya kuliweka sawa, na utapata mtu wa kukuonyesha kwa kidole kwa nini lako linateleza.

Kuhusu daraja, kwa mtu anayeanza ushauri wangu ni 2WD ya skeli ya 1/10, mota ya mizunguko 17.5 ya waya (nitaieleza mbele), ikiwa uwanja wenu una daraja hilo lenye watu. Katika 2WD mota inasukuma magurudumu ya nyuma tu. Ukibonyeza moto mwingi, yaani ukiipa mota nguvu nyingi, ukiwa katikati ya kona, mkia unakupita na gari linageuka nyuma mbele. Inaudhi kwa wiki kadhaa, kisha kidole kinajifunza kubonyeza taratibu, na funzo hilo utalihamishia kwenye gari lolote. Pia lina vipande vichache: difu moja, hakuna mkanda wala shafti ya kwenda mbele, kwa hiyo kulifungua na kulisafisha ni kazi ya jioni moja. 4WD inasamehe zaidi, inatoka kwenye kona kama imevutwa kwa kamba, lakini ina difu mbili au tatu za kutunza na bei yake iko juu. Ikiwa uwanja wenu ni wa 4WD na 2WD wako wawili watatu tu, basi nenda 4WD, maana kushindana na watu wawili si kushindana.

Kuna pia mabagi ya umeme ya skeli ya 1/8. Ni imara sana, yanapanda matuta ambayo ya 1/10 yanayaogopa, na kwa udongo wenye mashimo ndiyo yanayofaa. Ila hutumia betri ya seli nne, yana uzito wa zaidi ya kilo 3, na linapomgonga mtu kifundo cha mguu anaumia kweli. Kwa kijana wa miaka 12 anayeanza, lisiwe la kwanza.

Kwenye mabagi ya 2WD utasikia habari ya mota ya katikati na mota ya nyuma. Ya katikati imekaa mbele ya ekseli ya nyuma, na ndiyo inayotumika karibu kila mahali penye mshiko. Ya nyuma huweka uzito juu ya matairi yanayosukuma, na ina maana kwenye udongo wa kuteleza sana tu. Makampuni mengine hutoa gari moja kwa sura mbili kulingana na sakafu. XRAY, kwa mfano, huuza XB2 yenye herufi D kwa ajili ya udongo na yenye C kwa ajili ya zulia. Team Associated, walioanzisha ukoo wao wa mabagi kwa RC10 mwaka 1984, nao hutofautisha la udongo kwa herufi D. Ukinunua la zulia ukaliendesha kwenye vumbi litaenda, ila utapigana nalo bure. Schumacher, Yokomo, TLR na Kyosho nao wana mabagi ya mashindano. Lipi kati ya hayo, jibu utalipata kwenye zile meza za mafundi.

La kuunda mwenyewe au lililo tayari? Hapa niseme wazi kile ambacho mnunuzi wa mara ya kwanza haambiwi. Boksi la gari la kuunda la mashindano lina chesisi na mitambo yake tu. Mota, kidhibiti kasi, servo (mota ndogo inayokata usukani), risiva (inayopokea mawimbi ya rimoti), rimoti, betri na chaja hununuliwa kando, mara nyingi hata matairi na pinioni (gia ndogo ya kwenye mota) hazimo, na bodi huja ikiwa plastiki isiyo na rangi, inayoonyesha upande wa pili, ya kukatwa na kupakwa rangi kwa ndani. Watu hununua boksi, wakafika nyumbani wakakuta nusu ya gharama bado iko dukani. Lililo tayari huja na kila kitu isipokuwa pengine betri na chaja, lakini servo yake huwa dhaifu na shokomzoba zake hujazwa haraka haraka kiwandani, moja ina hewa na nyingine haina.

Kama una mikono ya kazi na subira ya jioni nne, unda mwenyewe. Siku gari litakapovunjika katikati ya raundi mbili utakuwa unajua kila skrubu iko wapi. Kama huna muda huo, tafuta lililo tayari lakini lililojengwa juu ya chesisi ya mashindano, ambalo mikono yake, shokomzoba zake na habu zake ni zile zile za gari la kuunda la kampuni hiyo. Hilo ndilo la kumuuliza muuzaji, na akishindwa kukujibu kwa namba za vipuri, usichukue. Njia ya tatu, na kwa wengi ndiyo nafuu kuliko zote, ni gari la mashindano lililotumika, la toleo moja nyuma ya la sasa. Likague hivi: tikisa kila gurudumu uone kama pini zimelegea, vuta shafti ya shokomzoba uizungushe polepole uone kama imepinda, zungusha gurudumu moja la nyuma, la pili lizunguke kinyume kwa ulaini bila kukwaruza, geuza gari uangalie tumbo la chesisi, na likiwa limelika hadi vichwa vya skrubu havina tena tundu la kushika alenki, liache.

Pesa ukiwa umezigawa, zisielekee kwenye mota. Mota ya 17.5 yenye sensa inatosha. Namba hiyo ni mizunguko ya waya ndani ya mota. Inavyopungua, mota inazidi kuwa kali, na za 6.5 au 7.5 ni za watu waliokwisha kukomaa. Sensa ina kazi kubwa: humwambia kidhibiti kasi rota, sehemu ya mota inayozunguka, iko wapi, hivyo gari linaanza kwa ulaini kutoka kusimama. Mota isiyo na sensa hushtuka shtuka kwenye mwendo mdogo, na mwendo mdogo ndio unaoutumia ndani ya kona. Madaraja mengi ya 17.5 hulazimisha kidhibiti kasi kiwekwe bila kuongeza taimingi (njia ya kuichochea mota izunguke kwa kasi zaidi), na taa yake humetameta kuonyesha hivyo, kwa hiyo nunua chenye uwezo huo.

Servo ndiyo ya kuipa pesa. Servo dhaifu haishiki magurudumu ya mbele pale pale yanapogonga kijituta. Unakata kona, gari linaenda kwingine, na wewe unadhani tatizo ni matairi. Tafuta yenye nguvu ya kilo 10 au zaidi kwa sentimita, kasi ya sekunde 0.10 hivi kwa nyuzi 60, na gia za chuma. Ukiifunga, washa rimoti kwanza ili servo ijiweke katikati, ndipo uvishe mkono wake. Mkono huo una meno ndani, 23, 24 au 25 kulingana na kampuni ya servo, na wa meno 25 haukai kwenye servo ya 23 hata ukiulazimisha. Kisha kata usukani hadi mwisho na usikilize. Servo ikinguruma kwa sauti ndogo ya nyuki, inasukuma mahali ambapo chuma kimekwisha kugota. Punguza mwisho wa mwendo kwenye rimoti hadi ngurumo iishe, upande wa kulia na wa kushoto kila mmoja peke yake. Servo nyingi huungua kwa sababu hatua hii ya dakika mbili ilirukwa.

Rimoti yoyote ya umbo la bastola ya 2.4 GHz yenye kupunguza mwisho wa mwendo, ekspo (inayofanya mwanzo wa usukani na moto uwe mpole), na kumbukumbu ya magari kadhaa inafaa. Hakikisha ukiizima gari linasimama lenyewe.

Betri nunua mbili za lipo za seli mbili, zenye ganda gumu. Mabagi mengi ya 2WD ya sasa huchukua ile fupi, urefu wake milimita 96 hivi. Ile ndefu ya milimita 139 haiingii humo, kwa hiyo pima sehemu ya betri kabla ya kununua. Usihangaike na namba kubwa za uwezo. Mota ya 17.5 ikila wastani wa amperi 20 kwa dakika 5, umetumia kama mAh 1,700, na betri ya 4,000 inakutosha na baki.

Hapo kwenye betri tulia, maana ndipo penye moto wa kweli. Chaja iwe ya kusawazisha seli, iwekwe kwenye hali ya lipo, seli mbili, amperi sawa na uwezo wa betri: ya mAh 4,000 ichajiwe kwa amperi 4.0. Mwisho ni volti 8.4. Ukichagua kwa bahati mbaya hali ya NiMH, ambayo ni ya betri za aina nyingine, chaja haitajua pa kuishia na betri inaweza kuwaka. Chajia juu ya kitu kisichoshika moto, na usitoke chumbani. Weka kidhibiti kasi kikate umeme kabla seli haijashuka chini ya volti 3.2. Chini ya 3.0 betri inakufa. Ukimaliza siku, irudishe kwenye volti 3.8 kwa kila seli ndipo uiweke. Chaja nyingi zina kitufe cha kuhifadhi. Betri iliyovimba haitumiki tena, hata kama bado inashika chaji. Na jambo linalowapata hata wazoefu wakiwa na haraka: betri hizi zina matundu mawili yanayofanana, na waya ukiingia kinyume kidhibiti kasi kinaungua papo hapo. Paka rangi nyekundu pembeni ya tundu la chanya, ionekane hata kwenye giza la asubuhi.

Kuhusu matairi, waamini watu wa uwanjani kuliko maandishi ya dukani. Tairi sahihi kwenye gari la kawaida linalishinda gari bora lenye tairi lisilofaa. Kwenye zulia na nyasi bandia ni vipini vifupi vya mpira, kwenye udongo laini vipini virefu, kwenye udongo mgumu uliong'aa matairi karibu laini kabisa. Nunua seti moja ya ile wanayotumia wengi, na sponji yake ya ndani. Unapogundisha, futa kwanza mdomo wa tairi na ukingo wa rimu kwa spiriti, maana mafuta ya kiwandani hayashiki gundi. Tia tone la supaglu nyembamba kila baada ya sentimita mbili, ifuate yenyewe kuzunguka ukingo, subiri ikauke, kisha sukuma tairi kwa kidole gumba kuzunguka lote. Likifunguka mahali hapo mezani, rudia. Lisipogunduliwa mezani litafunguka kwenye mruko, na raundi imeisha.

Sehemu ya kuunda ambayo huharibu magari mengi mapya ni mkutano wa pinioni na gia kubwa. Kata kipande cha karatasi ya daftari, kipitishe katikati ya gia hizo mbili, sukuma mota ibane karatasi, kaza skrubu zake, kisha zungusha gia karatasi itoke. Itoke imekunjwa meno meno bila kuchanika. Jaribu tena sehemu tatu tofauti za gia kubwa, kwa sababu gia nyingi za plastiki hazina uduara kamili. Ikiwa gari linapiga kelele kali kama msumeno, zimebana mno. Ikiwa ukishika gia kubwa inacheza na kugonga gonga, ziko mbali na meno yatanyolewa. Skrubu za mota zinaingia kwenye chuma, kwa hiyo zitie gundi ya nyuzi za skrubu, ile ya kuzizuia zisilegee, tone moja. Gundi hiyo isiguse plastiki, huifanya ipasuke.

Uwiano wa gia anza na ule mpole. Gia kubwa ya meno 78 kwa pinioni ya 26 ni 3.0, na ikiwa uwiano wa ndani wa gari ni 2.6 jumla inakuwa 7.8. Endesha dakika 5, pima joto la mota. Ikizidi nyuzi 80 punguza jino moja la pinioni. Ikiwa 55 au 60, una nafasi ya kuongeza moja.

Shokomzoba zijaze oili ya 30 au 35 WT, yaani cSt 350 hadi 425 (vyote ni vipimo vya uzito wa oili). Sukuma pistoni polepole juu na chini hadi vipovu viishe, iache isimame dakika kumi, ndipo ufunge. Zikiwa nje ya gari zibonyeze mbili mbili mkononi. Zikirudi kwa kasi tofauti, moja ina hewa. Gari likiwa na betri na bodi, lidondoshe kutoka urefu wa kiganja, kisha pima chini ya chesisi: milimita 20 hivi mbele na nyuma kwa udongo, 16 au 17 kwa zulia. Kemba, yaani magurudumu kuinama kwa juu kuelekea ndani ya gari, iwe nyuzi 1 hadi 2 hasi. Baada ya hapo usibadilishe chochote kwa betri kumi. Anayebadilisha springi kila raundi hajui kama gari limebadilika au ni mkono wake.

Kwenye sanduku la vipuri weka mikono ya mbele jozi mbili, ya nyuma jozi moja, gia kubwa mbili, boljointi kadhaa, shafti mbili za shokomzoba, mkono wa servo mmoja, na alenki za 1.5, 2.0 na 2.5 pamoja na spana ya nati ya 5.5 na 7. Alenki zisiwe za bei ya chini kabisa; ikilika ncha inakula tundu la skrubu, na kuitoa skrubu hiyo ni kazi ya drili.

Kuhusu kijana: gari moja kwa mazoezi linatosha. Kwenye kumbukumbu ya rimoti mwekee nafasi ya pili ya gari hilo hilo ambayo moto umepunguzwa hadi asilimia 60, ekspo imeongezwa, na umpandishe asilimia 5 kila anapomaliza betri nzima bila kupinduka zaidi ya mara tatu. Ila siku ya mashindano mmoja wenu ashindane, mwingine awe fundi. Ukimaliza raundi yako unatakiwa kusimama uwanjani kuinua magari ya raundi inayofuata, na dakika hizo hizo ndizo gari linapohitaji betri mpya na mkono uliopinda kubadilishwa. Msimu wa kwanza mpe yeye rimoti, nawe shika alenki. Gari la pili linunuliwe baada ya kujua nani kati yenu amelipenda kweli, na liwe la aina ile ile, ili sanduku moja la vipuri liwahudumie nyote.